Mnara wa Bandari Ukitazamwa Kutoka Tunduma

Jengo refu la ofisi lililoko Dar es Salaam nililifuata Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka lilipo. Anayetaka kujua jengo kama lile linavyosanifiwa na kusimamishwa kwa kawaida hupanda daladala ya Posta, akashuka, akainua shingo, akapiga picha, akarudi zake nyumbani. Nimefanya hivyo mara nyingi. Pale Barabara ya Sokoine, likitazamana na maji, limesimama jengo la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, TPA. Lina ghorofa zaidi ya 30 na urefu unaozidi mita 150, na lilikamilika katikati ya muongo uliopita. Si mbali nalo ipo minara pacha ya mfuko wa pensheni uliokuwa ukiitwa PSPF, ambao mwaka 2018 uliunganishwa na wenzake ukawa PSSSF. Kila nikiyatazama majengo hayo huondoka na swali la kihasibu: fedha ya kupanda juu namna ile imetoka wapi?

Kwa minara ya pensheni jibu ni jepesi, ni makato ya mishahara ya watumishi. Kwa jengo la bandari, jibu liko barabarani. TPA inaishi kwa tozo za mizigo, na sehemu kubwa ya mizigo inayopita Dar es Salaam ni ya majirani, Kongo na Zambia zikiwa mbele. Mlango mkuu wa mizigo hiyo ni Tunduma. Nikaona heri niuanzie mnara ule kwenye mkia wa barabara inayoulisha, na njiani nitazame kimoja kimoja vitu vinavyoufanya usimame: saruji, chuma, ardhi, shaba, na hiyo kazi ya ofisi yenyewe.

Nilipanda Kosta Mbeya mjini asubuhi, baridi ikiwa bado haijaamua kuondoka. Ukishapita Mbalizi unakutana na jina la Songwe kabla hujafika mkoani Songwe. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya, na kiwanda cha saruji cha Songwe nacho kiko Mbeya. Mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unaanza mbele zaidi. Kondakta hakuona ajabu yoyote. "Songwe ya kiwandani, kuna anayeshuka?" akauliza, na wawili wakashuka.

Kiwanda hicho, Mbeya Cement, kimekuwa kikichoma mawe ya bonde hili tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na mifuko yake inajulikana kwa nembo ya Tembo. Mwaka 2023 hisa zilizokuwa mikononi mwa wawekezaji wa Ulaya zilinunuliwa na kampuni ya Kitanzania, Amsons. Bonde la Mto Songwe lina chemchemi za maji ya moto na matabaka ya mawe ya chokaa yaliyoachwa na maji ya namna hiyo kwa karne nyingi. Mawe ya chokaa yakisagwa pamoja na udongo na kuchomwa kwenye tanuri linalozunguka, kwenye joto la nyuzi kama 1,450, hutoka yakiwa vidonge vigumu vya kijivu viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo, hiyo ndiyo saruji. Jasi huipa saruji subira: bila hiyo ingeganda kwenye karai kabla fundi hajamaliza kuinua koleo.

Mlowo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nilimsikia muuzaji akimuuliza mteja swali ambalo wahandisi hulitumia kurasa nyingi kulijibu: "Ya lipu au ya zege?" Mifuko yote ilikuwa ya kilo 50, yote ya kijivu, ila mmoja umeandikwa 32.5 na mwingine 42.5. Namba hizo ni nguvu ya saruji baada ya siku 28, kwa kipimo cha megapaskali. Ya kwanza inatosha kupiga lipu na kufyatulia matofali ya kawaida, ya pili ndiyo ya nguzo na slabu. Mteja akataka ya bei nafuu. Muuzaji akamuuliza tena anajenga nini. "Fremu, na juu yake vyumba." Muuzaji akamshushia 42.5 bila kungoja jibu la pili, na mteja akalipa huku ananung'unika. Nadhani yule muuzaji, ambaye hana cheti cha ukutani, ameokoa nyumba kadhaa katika wilaya ya Mbozi.

Wahandisi wana kanuni ya haraka ya kukadiria uzito: kila mita ya mraba ya ghorofa ya ofisi, ukijumlisha zege, kuta, samani na watu, hukaribia tani moja. Chukua jengo la kufikirika lenye ghorofa 30, kila moja mita za mraba 1,000. Hizo ni tani 30,000 zinazokaa juu ya kiwanja kimoja. Lori la masafa marefu hubeba tani kama 30, kwa hiyo kiwanja hicho kinabeba shehena ya malori elfu moja, usiku na mchana, kwa miaka mia. Malori elfu moja yakipangwa barabarani, pua kwa mkia, yanafika kilomita 20 hivi. Foleni za Tunduma zikikolea, unaweza kuuona uzito wa jengo la ghorofa ukiwa umelazwa chini.

Nikaacha barabara kuu kwenda Ndolezi kukiona kimondo. Kila mwanafunzi wa Tanzania amekisoma, wachache wamekigusa. Kimondo cha Mbozi kimekaa kwenye mteremko wa mlima Marengi, kirefu kama mita tatu, cheusi chenye wekundu wa kutu hafifu, na ngozi yake ina vishimo kama ya mkate wa kumimina. Wenyeji walikijua tangu zamani. Mwaka 1930 mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alikitangaza kwa dunia. Uzito wake uliwahi kutajwa kuwa tani 25, baadaye ukakadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 yake ni chuma na karibu tisa ni nikeli.

Nilikaa chini nikatoa kalamu. Tani 16 za chuma ni mita mbili tu za ujazo, kwa sababu mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa tani 7.8. Nondo moja ya milimita 16, yenye urefu wa mita 12, ina uzito wa kilo 19. Jiwe lile lote likiyeyushwa lingetoa nondo kama 840, ambazo hazitoshi hata ghorofa moja ya mnara wa Dar es Salaam. Nikacheka peke yangu. Mlinzi akanitazama, nikamweleza hesabu. "Basi waliache lilipo," akasema.

Kilichonishika zaidi ni kitako chake. Zamani kimondo kilikuwa kimelala udongoni, sehemu yake tu ikionekana. Ili kionekane chote, walichimba mtaro kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo katikati imebeba mzigo, kisha nguzo hiyo ikageuzwa kuwa kitako cha zege. Huo ni mtihani uleule wa anayejenga msingi mjini pembeni ya jengo la jirani. Mzigo haupewi likizo wakati msingi unatengenezwa. Unachimba kipande, unaweka zege, unasubiri lishike, ndipo unahamia kipande kingine. Dar es Salaam kazi ni ngumu zaidi kwa sababu chini kuna mchanga wa pwani na maji yako karibu. Kwa majengo marefu ya huko huchimbwa mashimo membamba kwenda chini sana, yakajazwa nondo na zege, kazi ambayo mafundi wanaiita pailingi. Sehemu ya gharama ya jengo refu inazikwa hapo, na hakuna mgeni wa heshima atakayekata utepe chini ya ardhi.

Chuma na zege ni ndoa yenye sababu zake. Zege linavumilia kukandamizwa, lakini likivutwa linakatika mapema mno, nguvu yake ya kuvutwa ikiwa kama sehemu ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Chuma kinavumilia kuvutwa. Vyote viwili vinatanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana sana, ndiyo maana jua la Dar es Salaam halivitenganishi. Zege jipya lina hali ya ualkali inayozuia kutu, mradi nondo zizikwe ndani vya kutosha. Pwani, ambako hewa ina chumvi, fundi anayesogeza nondo karibu na uso wa nguzo ili kubana zege ameweka tarehe ya kufa kwa jengo, ingawa hajaiandika popote.

Kuna jambo moja ambalo Songwe inalijua kuliko Dar es Salaam: ardhi inaweza kutikisika. Mkoa huu umelala kwenye Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa. Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kupimwa Afrika katika karne ile. Desemba 2009 ardhi ilitikisika mfululizo Karonga, ng'ambo ya mpaka upande wa Malawi, na nyumba nyingi za matofali zilipasuka na kuanguka. Mnara wa pwani unasanifiwa zaidi kwa kuuogopa upepo. Katikati yake hujengwa kiini cha zege kinachozunguka lifti na ngazi, na kiini hicho ndicho uti wa mgongo unaozuia jengo lisiyumbe hadi watu wa juu wapate kichefuchefu. Kwa jengo fupi la Songwe upepo si tishio. Tishio ni mtikiso wa kutoka chini, na hatari iko kwenye ghorofa ya chini kabisa.

Vwawa, makao makuu ya mkoa, nilipita haraka. Ni mji wa ofisi za serikali na kahawa ya Mbozi, mji wenye nafasi. Ofisi zake zinaweza kutanda kwa sababu ardhi ipo. Hili ni somo la kwanza la usanifu wa majengo marefu, na mtu hahitaji kwenda Chicago kulipata: watu hupanda juu pale tu kiwanja kinapokuwa ghali kuliko zege.

Tunduma ni kinyume cha Vwawa. Mji umebanwa. Mbele yake kuna Zambia, na Nakonde iko karibu kiasi kwamba mtu anavuka kununua sabuni na kurudi kabla chai haijapoa. Katikati inapita barabara kuu, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inavuka mpaka hapahapa. Mkoa mzima ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 1.3 katika sensa ya 2022, na ukisimama Tunduma saa kumi jioni utadhani wote wameteremka kutoka kwenye lori moja. Wabadilisha fedha wana vitita vya kwacha mkononi. Bodaboda wanapenya kati ya matela. Bomba la mafuta la TAZAMA, linalokwenda Ndola, limepita ukanda huu tangu 1968, ila kelele zote ni za malori.

Nilitaka kuiona shaba. Nilidhani tela la shaba litakuwa limejaa hadi juu, kumbe linaonekana kama tupu. Shaba hutoka viwandani ikiwa bamba pana zilizofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, na mafungu hayo hukaa chini kabisa kwenye tela, yameachiana nafasi kama watu wasiosalimiana. Tani 30 za shaba ni mita tatu na kidogo tu za ujazo. Kingo za bamba zina rangi ya waridi pale zilipokwaruzika, na juu zimepata weusi wa vumbi la njiani. Zinashuka bandarini, zinapanda meli, na siku moja zinarudi zikiwa waya wa umeme, mota ya lifti, kiyoyozi. Ukiondoa shaba kwenye jengo la ghorofa 30, unabaki na ngazi za kupanda gizani.

Dereva wa lori mojawapo alikuwa ameketi kwa mama lishe, anakula ugali na samaki. Nikamsalimia, nikaketi. Alikuwa amebeba mzigo kutoka Lubumbashi.

"Kaka, lile jengo refu la bandari, umewahi kuingia?"

"Nifuate nini? Karatasi zangu ndizo zinazopanda lifti. Mimi nalala chini ya tela."

Mama lishe akacheka, akamwongezea mchuzi. Dereva akaendelea, safari hii bila utani: lori likisimama, mafuta ya posho yanaisha, na bosi anapiga simu kila saa akidhani mtu anastarehe. "Wakiniuliza jengo ni zuri, nitasema ni zuri. Wakiniuliza limenisaidia nini, nitauliza limepunguza siku ngapi."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye kitu ambacho wapiga picha wa Posta hukisahau. Jengo refu la ofisi ni chombo cha kuweka karatasi karibu na karatasi. Jengo linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza la aina hiyo, Home Insurance la Chicago, lililosanifiwa na William Le Baron Jenney na kukamilika mwaka 1885 likiwa na ghorofa 10, lilikuwa la kampuni ya bima, biashara ambayo mali yake ni majalada. Jenney aliachia fremu ya chuma ibebe sehemu kubwa ya mzigo, ukuta ukaanza kuwa nguo tu. Mwaka 1891 katika mji huohuo jengo la Monadnock lilipanda hadi ghorofa 16 kwa kuta za matofali, na chini kuta hizo zilifika unene wa karibu mita mbili, yaani nafasi ya duka imeliwa na ukuta. Baada ya hapo hoja ilikwisha, fremu ikashinda. Elisha Otis alikuwa ameshawaonyesha watu wa New York mwaka 1854, akiwa amesimama kwenye jukwaa lililoning'inia, kwamba kamba ikikatwa breki yake inalizuia lisianguke. Kabla ya hapo, ghorofa za juu zilikuwa za wapangaji maskini. Lifti ndiyo iliyompandisha mkurugenzi.

Lakini lifti nayo inadai kodi yake. Kila ghorofa inayoongezwa juu inaleta watu wanaohitaji kupita kwenye ghorofa zote za chini. Mashimo ya lifti, ngazi za dharura, mabomba na nyaya hujazana katikati, na kwenye majengo marefu kiini hicho hula kama robo ya kila ghorofa. Msanifu hugawa lifti, nyingine zihudumie nusu ya chini na nyingine zipite moja kwa moja hadi nusu ya juu. Kuna urefu ambao ukiuvuka, unalipia ghorofa mpya ili upate nafasi ya kuegesha lifti.

Jengo la TPA lilibuniwa kuwa kituo cha pamoja: bandari na taasisi nyingine zinazoshughulika na mzigo zikae chini ya paa moja, ili wakala wa forodha asizunguke mji mzima na bahasha. Tunduma kuna wazo hilohilo kwa umbo jingine. Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ambako maofisa wa nchi mbili huhudumia mzigo kwa kusimama mara moja badala ya mara mbili. Kule Posta ofisi zimepandishwa, hapa zimetandazwa. Kule kiwanja ni ghali na karatasi ni nyepesi. Hapa mzigo una tani 30 na haupandi lifti, basi ni lazima ofisi ishuke chini imfuate dereva alipo. Nilipoitazama njia ya malori ikipita kati ya majengo mafupi ya kituo, niliona usanifu mzuri kwa maana yake ya kwanza kabisa: umbo limetii kazi.

Siku iliyofuata niliingia saiti moja upande wa Sogea, hukohuko Tunduma, jengo la ghorofa tatu juu ya fremu za biashara. Ilikuwa siku ya kumwaga slabu. Mashine ya kuchanganyia inanguruma, vijana wamepanga mstari wa ndoo, chini ya mbao kuna msitu wa mirunda ya mikaratusi. Fundi mkuu alikuwa mzee mwenye kofia ya soka na timazi mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au kukagua?"

Nikamwambia nimekuja kujifunza. Akanionyesha bango kwanza, lenye majina ya mwenye jengo, msanifu, mhandisi na mkandarasi, pamoja na stika za bodi zao. "Anayekosa hili, usiingie kwake hata kuomba maji." Kisha akanipeleka kwenye meza ya nondo. Kijana alikuwa anakunja ringi za nguzo kwa bomba na misumari minne iliyopigiliwa kwenye ubao. Alikunja pembe tatu, akafika mwisho akaipinda ncha ikaingia ndani, kuelekea tumbo la nguzo. Mzee akaichukua ringi ile. "Wengine wanaacha ncha imelala pembeni kwa digrii 90. Zege la nje likibanduka, ringi inafunguka. Hii ya kwangu imeuma ndani, haiachii. Na karibu na kiungo nazibana, sentimita 10. Katikati naachia hadi 20."

Hilo ndilo jibu la tetemeko, nalo lilikuwa limeegemea kidole cha mzee wa Tunduma. Nguzo hufa kwenye viungo vyake. Nikamuuliza kuhusu fremu za chini. Akatikisa kichwa. Mwenye jengo anataka milango mipana ya duka chini, kuta ziwe juu kwenye vyumba. Ardhi ikitikisika, ghorofa za juu zenye kuta hubaki ngumu kama sanduku, ile ya chini isiyo na kuta ndiyo inayopinda, na mzigo wote unaifuata. Kwa hiyo mhandisi amelazimisha ukuta mmoja wa zege nyuma ya ngazi, kutoka msingi hadi juu. Mwenye jengo alilalamika kwamba umemlia fremu moja. Hicho ni kiini cha mnara wa Posta kwa kipimo cha Sogea, na ugomvi ni uleule: kila mita inayoshikilia jengo ni mita isiyopangishwa.

Karibu na mashine, kijana mmoja alitaka kuongeza maji ili zege liteleze kwenye ndoo. Mzee alipiga kelele iliyosikika hadi barabarani. Maji ya ziada yakikauka huacha matundu, na matundu ni udhaifu. Pembeni kulikuwa na vibumba vya zege vya milimita 150 kila upande, vimeandikwa tarehe, vinasubiri kupelekwa maabara vikavunjwe siku ya 7 na siku ya 28. Kwa baridi ya Tunduma zege hushika taratibu kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo mirunda haitolewi kwa haraka ya mwenye fedha. Mchana mama lishe alileta sufuria, watu wakala kwa zamu bila kuzima mashine. Zege halilali. Msemo huo Watanzania wanautumia hata kwenye siasa na harusi, ila saitini una maana ya moja kwa moja: slabu iliyoanzwa asubuhi ikikatishwa jioni bila mpango, kesho ina mshono dhaifu mahali usipotaka.

Nilipomtajia mzee jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, lililoanguka Machi 29, 2013 jijini Dar es Salaam likiwa linajengwa na kuua watu 36, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo la kazi: "Jengo likianguka watu wanalaumu saruji. Saruji haiwezi kukataa ghorofa ya ziada. Anayetakiwa kukataa ni mtu." Jengo lile lilifika ghorofa 16. Mnara na fremu za Sogea vinasimamishwa na watu wa aina moja: muuzaji anayekataa kuuza 32.5 kwa kazi ya 42.5, fundi anayekataa maji, mhandisi anayekataa kuondoa ukuta. Mjini wamevaa helmeti mpya, na kreni zao zinaonekana kutoka Kigamboni, lakini hakuna kreni inayoweza kukataa kwa niaba yao.

Mhandisi hukataa ghorofa ya ziada kwa sababu ya usalama. Nani hukataa ghorofa ya ziada kwa sababu haina kazi? Leo sehemu kubwa ya kibali cha mzigo hupitia kwenye kompyuta, kwa mfumo wa dirisha moja la kielektroniki, na karatasi ya yule dereva inazidi kupoteza sababu ya kupanda lifti. Sisemi mnara wa Barabara ya Sokoine ni kosa. Umeshasimama, una kazi, na vijana waliojifunza kujenga juu yake ni mtaji wa nchi. Ila fedha ya ghorofa zake imevuka Tunduma kwa magurudumu, na watu wa magurudumu wana haki ya kuulizwa kabla ya mnara mwingine kuchorwa. Taasisi yoyote itakayotaka kupanda juu tena kwa fedha ya barabara hii, mchoro wake wa kwanza uanzie kwenye foleni: lori linasubiri saa ngapi leo, na jengo likikamilika litasubiri saa ngapi? Kama jibu la pili si dogo kuliko la kwanza, fedha hiyo ijenge maegesho, vyoo na mabomba ya maji Tunduma. Hayo hayahitaji kiini wala pailingi, na dereva wa Lubumbashi atayatumia siku hiyohiyo yakifunguliwa.